Asipokuja, Mtamtafuta?

Sote tulimwita Katibu, na hakuna aliyejua ni katibu wa nini. Alikuwa na faili la kijani lililochakaa pembeni, muhuri aliouhifadhi ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, na daftari dogo lililokaa kwenye mfuko wa shati mwaka mzima. Ukimwuliza ofisi yake iko wapi, anajibu, "Nimesimama ndani yake." Kikao cha wanachama hatukukiona hata kimoja, mwenyekiti hatukumjua. Kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa kuwatafutia kazi watu wenye ulemavu hapa Kigoma na Ujiji, halafu kuhakikisha kwamba hawafukuzwi. Yeye alikuwa na miguu miwili mizima, macho mawili, na masikio yanayosikia umbea kutoka mtaa wa tatu. Sasa mtu mzima wa viungo anahangaika na sisi juani anatafuta nini? Machale yalinicheza tangu siku ya kwanza, na sitadanganya kwamba yameacha kabisa.

Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa mtoto mdogo. Natembelea gongo la kwapani. Katibu aliponikuta nilikuwa nimeshapita miaka ishirini, naishi kwa kaka yangu, na shughuli yangu ilikuwa kuchambua mchele na kubaki nyumbani wengine wakitoka. Nilitaka kazi kuliko nilivyotaka mume. Nilitaka asubuhi moja nitoke na mimi, mlango nifunge mimi.

Basi akaja na faili lake, akasimama uani bila kubisha hodi sawasawa.

"Wewe ndiye wa gongo?"

"Shikamoo," nikamwambia, ili aone kwamba nimefundwa.

Hakuitikia. Shikamoo hakuwahi kuitikia ya mtu yeyote, alisema inampotezea muda. Nikamwambia mapema kwamba picha sipigwi, maana tulishazoea watu wanaokuja na kamera, wanatupanga ukutani, wanatuambia tusicheke, kisha hatuwaoni tena. Akatoa simu yake ya vitufe, akaigeuza mbele na nyuma niione. "Hii itapiga picha ya nini? Mikono yako inafanya kazi? Masikio?" Nikasema vinafanya kazi. Akaandika kwenye daftari, akaondoka. Nilikaa siku nne nikijiuliza alichoandika.

Siku ya tano alinipeleka Kibirizi kwa Mama Furaha. Mama Furaha alikuwa tajiri wa dagaa, watu wao walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, na sauti yake ilifika mbali kuliko injini ya boti. Alikuwa na vichanja vingi vya kuanikia kando ya maji, na watu wengi wa kuanika, kugeuza na kuanua. Akanitazama kuanzia chini kwenda juu, akarudi tena chini.

"Weye Katibu, huyu wa mguu atafanya nini hapa? Mchanga wenyewe unamshinda. Labda akae pale pembeni afukuze kunguru."

"Kunguru hapana."

"Unachagua tena?"

"Mama, siku asipokuja kufukuza kunguru, mtamtafuta?"

Mama Furaha akacheka mpaka kanga ikamfunguka. "Nimtafute wa nini? Si nitaita mtoto yeyote anayepita!"

"Basi hiyo siyo kazi, hiyo ni huruma. Na huruma yenu mnaifuta mwezi ukitoka. Mpe kazi ambayo asipokuja mtamtafuta."

Nilitamani kumpiga na gongo. Mimi hao kunguru ningewafukuza mpaka wahamie Burundi. Nimekaa miaka yote hiyo nikisubiri, halafu huyu bwana anakataa kwa niaba yangu, mbele yangu, kazi ya kwanza niliyowahi kupewa. Siku hiyo tuliondoka mikono mitupu, na niliona wazi kwamba ana lake jambo.

Swali hilo ndilo lililokuwa wimbo wake. Aliliuliza kwa mafundi cherehani, kwa wenye mashine za kusaga, kwa wenye maduka ya Ujiji. Asipokuja, mtamtafuta? Wengi walimwona mtu wa kero. Mwenye duka mmoja alikuwa akimwona anakuja, anakimbilia stoo kujifanya anapanga magunia. Katibu anakaa kwenye benchi nje, anafungua daftari, anasubiri. Alikuwa na subira ya kuudhi.

Hilo neno lake la mwezi linahitaji maelezo kwa asiyeishi kwetu. Dagaa huvuliwa kwa taa. Giza likiwa totoro samaki wanaifuata taa, mwezi ukiwa mkubwa hawana habari nayo. Kwa hiyo sisi tunahesabu kazi kwa giza, hatuhesabu kwa tarehe. Mtu anasema nimefanya pale magiza mawili, na kila mtu anaelewa. Mwezi ukipevuka boti zinavutwa nchi kavu na vibarua wanarudi makwao kwa siku kadhaa. Giza likirudi, mnyapara anasimama juu ya boti asubuhi na kuita majina ya watakaofanya kazi. Hasomi kutoka kwenye karatasi. Anaita wale anaowaona na wale anaowakumbuka, na sisi tulikuwa watu wa kusahaulika upesi sana.

Ndiyo maana Katibu alitulazimisha kwenda ufukweni siku za mwezi. Hakuna dagaa, hakuna ujira, na jua linawaka. Tukae tu pale, tufume nyavu zilizochanika, tuokote kokoto chini ya vichanja, tumsalimie mnyapara akipita. Nilimwambia usoni kwamba anatufanyisha kazi ya bure ili Mama Furaha amwone yeye ni mtu wa maana. "Anakula kwa mgongo wetu huyu," niliwaambia wenzangu akiwa anasikia. Akasema, "Sawa, nakula. Kesho mje mapema." Hakujitetea, na mtu asiyejitetea mimi humwogopa zaidi.

Tulikwenda. Giza likaanza, mnyapara akapanda juu ya boti, na jina langu likaitwa la sita. Nilijiambia ni bahati.

Kazi niliyopewa mwishowe ilikuwa kuamua wakati wa kuanua. Ukianua dagaa mapema, gunia linavunda njiani kabla halijafika sokoni. Ukichelewa wanakatika vichwa na mnunuzi anakunja uso. Katibu alimwomba Mama Furaha giza moja tu nikae kando ya vichanja nijifunze. "Usiwaangalie," aliniambia. "Kila mtu hapa anawaangalia, na kila mtu anakosea. Wasikilize." Nikawa nawatikisa kwenye kiganja karibu na sikio. Wabichi wako kimya. Wakikauka sawasawa wanalia kama mchele kwenye ungo. Giza lilipokwisha, hakuna gunia la Mama Furaha lililovunda, na wanaume wenye miguu miwili wakawa wanapaza sauti kuniuliza, "Dada, hiki tayari?" Hapo nilijisikia mtu, nasema ukweli. Lakini nikajiuliza pia, huyu Katibu ameyajuaje mambo ya dagaa, naye hawali? Alikuwa akiwekewa dagaa kwenye sahani anawasukuma pembeni. Alisema wanamtazama.

Kuna siku alitoweka na gongo langu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu kichanjani, gongo nimeliegemeza nyuma, nageuka halipo. Ramadhani, mwenzangu ambaye ni kiziwi, akanionyesha kwa mikono kwamba Katibu amepita nalo akielekea barabarani. Nilipiga kelele ufukwe mzima ukasimama. Nilisema mwizi, nilisema nilijua, nilisema mengi mengine ambayo siyarudii hapa. Nikakaa pale saa nzima kama kifurushi, siwezi hata kwenda kujisaidia. Akarudi na gongo limeunganishwa chini kisahani cha mpira wa tairi, kipana kama kiganja, kazi ya fundi wa katambuga. Halikuzama tena mchangani.

"Kwa nini hukuomba?"

"Ungenipa?"

Nisingempa. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuchukua mguu wa mwenzake, na nilimwambia hivyo. Akakubali kwamba ni kosa, akaliandika kwenye daftari. Sijui kama aliliandika kweli au alichora tu.

Huyo Ramadhani alikuwa fundi wa kuanika asiye na mpinzani, ila hakusikia debe. Kwetu mvua ikionekana inakuja juu ya maji, mtu anagonga debe na kila mmoja anakimbilia turubai kufunika dagaa. Siku moja debe likagongwa, wote wakakimbia, Ramadhani akaendelea kuanika dagaa wabichi huku mvua ikimkuta mgongoni. Mama Furaha akasema basi, huyu bubu aende. Katibu akasema kwanza ana jina. Pili, akaja kesho yake na mlingoti na kitambaa cheupe, akaufunga palepale penye debe. Debe likilia, kitambaa kinapanda. Baada ya muda hata wanaosikia wakawa wanatazama kitambaa, maana upepo ukivuma debe halisikiki.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mwongo wa kutupwa. Aliwaambia matajiri kwamba kuna wageni wanakuja kukagua, na hakuna mgeni aliyewahi kuja. Alituhimiza kuwahi, naye akachelewa hata mazishi. Tena alikuwa na kibanda chake cha vocha pale Rusimbi, na aliyekaa ndani alikuwa mpwa wake, kijana mzima kama mnazi. Nilimsubiri mbele ya watu nikamwuliza, "Katibu, mbona kwako hujamwajiri hata mmoja wetu?" Akalifungua daftari, akalifunga. "Kibanda hakina kazi," akasema. "Hata huyo mpwa asipokuja simtafuti." Watu wakacheka, mimi sikucheka. Niliona amekwepa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Mwaka mmoja dagaa walipungua, na Mama Furaha akatangaza kwamba giza lijalo atapunguza watu. Sote tulijua wataanza na nani. Katikati ya giza hilo Katibu akanifuata kichanjani, akainama, akaninong'oneza.

"Kesho usije kazini."

"Kwa nini?"

"Usije tu. Na usitume mtu kuaga. Ukija utaniharibia."

Jana yake nilikuwa nimemwona amesimama na Mama Furaha na binti mmoja mgeni, ndugu yake Mama Furaha, ana miguu kama ya swala. Walikuwa wanaonyeshana kichanja changu kwa kidole. Ningefikiri nini? Niliona mchezo wote umekamilika. Nisipokuja, binti anaingia, kesho kutwa naambiwa nilitoroka kazi. Kumbe ndiyo maana ameniweka pale miaka yote, nimwandalie kazi wa kunirithi.

Asubuhi nilishuka ufukweni mapema, nikajificha nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa. Kutoka pale sikusikia maneno, niliona tu. Nilimwona binti amesimama kwenye kichanja changu. Nilimwona Katibu amekaa juu ya dumu, daftari limefunguliwa gotini. Nilivumilia mpaka saa mbili, nikashindwa. Nikatoka na gongo langu, nikapita katikati ya watu wote nikisema kwa sauti kwamba kazi yangu simwachii mtu, awe na miguu awe na mabawa.

Katibu alinitazama. Akafunga daftari.

"Umekuja."

"Nimekuja."

"Haya," akasema, akainuka, akaenda zake. Giza zima hakusema nami neno.

Ramadhani ndiye aliyenieleza, siku tatu baadaye, kwa mikono yake. Naye aliambiwa asije, siku nyingine kabla yangu. Alikaa kwao, akaogopa kama mimi, lakini alitii. Kabla jua halijapanda Mama Furaha alituma kijana wa bodaboda kumchukua, na Katibu akaandika saa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya daftari. Matajiri husahau haraka kwamba walikuhitaji, basi yeye aliwaandikia saa waliyokuhitaji, na siku ya kupunguza watu anakwenda kuwasomea. Ramadhani alicheka akinisimulia. Alijigonga kifua, akanionyesha kwa vidole viwili mtu anayekimbia, kisha akajinyooshea kidole. Walikimbia kumtafuta.

Nilikwenda kwa Katibu nikamwomba anijaribu tena. Akakataa. "Sasa unajua. Utakaa nyumbani umejipaka mafuta unawasubiri. Haina maana."

Siku ya kupunguza ilifika. Alikaa na Mama Furaha na daftari lake mpaka mchana. Watu watatu waliachishwa kazi, wawili kati yao wenye viungo kamili. Mimi nilibaki. Niliamini nimebaki kwa sababu ya kelele zangu siku ile, na nilijisifu hivyo miaka mingi. Lakini rohoni kulikuwa na shimo. Nisingetoka nyuma ya mitumbwi, wangenitafuta? Siku nilizougua malaria nilituma taarifa, kwa hiyo hizo hazihesabiki. Mtu anaweza kufanya kazi mahali muda mrefu bila kujua jambo hilo moja.

Mama Furaha alizeeka, akawa anashinda kivulini, na mnyapara wa vichanja nikawa mimi. Sasa mimi ndiye ninayeita majina, ingawa juu ya boti sipandi, nasimama kwenye jiwe. Katibu akapotea machoni. Tukasikia kapigwa na kiharusi, upande wa kulia wote umelala. Nilituma salamu na sukari. Kwenda mwenyewe sikwenda, na sina sababu nzuri.

Halafu siku moja, mwezi mpevu, boti zimevutwa, ufukwe mtupu, nikamwona ameshushwa na bodaboda. Akajikokota mpaka kwenye kokoto, akakaa. Siku ya pili akaja tena. Ya tatu pia. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Nilijua mtu anayekaa ufukweni siku za mwezi anataka nini, maana ni yeye aliyetufundisha. Lakini kwa Katibu nilifikiri pia kwamba amekuja kunipeleleza, aone ninawatendeaje watu wake.

"Mwakeye, Katibu," nikamsalimia kwa Kiha, kwa sababu shikamoo ningejisumbua bure. "Unatafuta kazi?"

Maneno yake yalikuwa yanatoka kwa shida, upande mmoja wa mdomo. "Natafuta."

"Kuna kunguru wananisumbua."

Naapa nilisema kwa utani. Nusu kwa utani. Akanitazama kwa lile jicho lililobaki na nguvu. "Nisipokuja," akasema polepole, "utanitafuta?"

Nilimpa debe na kitambaa. Ilikuwa kazi ya kutulia sehemu moja na kutazama maji, na mkono mmoja unaitosha. Alifanya magiza mawili. Hakukosea hata mvua moja. Jamani, alikuwa na kiburi nayo, hata maji ya kunywa alitaka aletewe palepale asije akageuza macho.

Giza la tatu lilipoanza nilisimama kwenye jiwe langu nikaita majina. Nilipofika kwake nikaita, "Katibu!" Kimya. Nikaita tena. Ramadhani akatikisa kichwa. Nikapiga simu, haipatikani, na ile simu sijawahi kuijua imezimwa. Nikamweka kijana kwenye debe, akaanza kutazama wasichana badala ya maji. Huyu mzee anafanya makusudi, nikajiambia. Ananipima. Nikaapa siendi. Nikageuza dagaa wa kichanja cha kwanza, nikageuza wa pili. Wa tatu sikuwageuza. Niliita bodaboda, nikapandisha kwake Rusimbi gongo likiwa mapajani, namtukana njia nzima na dereva anaitikia.

Nilimkuta amekaa mlangoni kwake. Amevaa shati la kazi, amechana nywele. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Kiatu kimenishinda," akasema. "Kijana wa kunifunga hakuja."

"Na simu?"

"Chaji."

"Muongo wewe. Ulikuwa unanipima."

Akakiweka kiatu chini. Alitia mkono wa kushoto mfukoni, akatoa madaftari matatu ya zamani yaliyofungwa kwa raba, akanipa moja lililokunjwa ukurasa. Nikasoma. Lilikuwa jina langu. Chini yake, kwa mwandiko wake ule ulionyooka: Saa moja na robo, Mama F. ameuliza yuko wapi. Saa moja na nusu, ameuliza tena, amemfokea binti, dagaa wabichi wameanuliwa. Saa mbili kasoro dakika tano, amemwita kijana wa bodaboda aende kwao. Saa mbili, kaja mwenyewe. Mbishi.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikafanya kile ninachofanya siku zote, nikaukagua. Nilifikiri ameandika juzi ili kunifurahisha. Lakini mkono ulioandika maneno yale ulikuwa umelala mapajani kwake na haukuwa umeshika kalamu tangu kiharusi. Hapo nilikosa pa kushika. Nililia, na sikuficha.

"Miaka yote hii," nikamwambia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

"Nisingekuamini."

"Basi."

Akatoa daftari jipya kwenye mfuko wa shati, akaliweka gotini, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Aliandika kwa muda mrefu, herufi zikipanda na kushuka kama za mtoto wa chekechea, ulimi umemtoka pembeni. Alipomaliza akanigeuzia nisome. Aliandika: Saa tatu na nusu. Nimetafutwa.

"Umekawia," akasema.

Nikamwambia anyooshe mguu nimfunge hicho kiatu, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na kule ufukweni sikuwa na wa kumwamini kwenye debe.